Koti la Pak Mansu

Tangu nirudi Chanika, hapa Handeni, kila anayepita mlangoni kwetu ananiuliza jambo lile lile: ni kweli, Zaina, ulitumwa na bibi wa Kikorea uje uite marehemu kisimani? Nimechoka kujibu vipande vipande, huyu nikimpa kichwa na yule mkia. Nimeandika yote hapa, msome mara moja mniache nipumzike. Habari za viza na tiketi mtaniwia radhi, sizigusi. Naanza pale mambo yalipoanza, yaani jikoni.

Jikoni kwa Halmoni

Kazi yangu kule Korea ilikuwa kufundisha Kiingereza kwenye kituo cha masomo ya jioni, katika mji mdogo wa kusini wenye ukungu mwingi kuliko watu. Watoto walikuwa na adabu na usingizi. Chumba sikukichagua mimi. Kituo ndicho kilichonipangia, nyumbani kwa bibi mmoja mjane aliyeishi peke yake. Bibi kwa Kikorea ni halmoni, nami nikamwita hivyo hivyo, Halmoni.

Siku niliyofika nilimkuta anamenya vitunguu saumu. Aliniuliza kwa ishara nimetoka wapi. Nikasema Tanzania, na kwa kuwa mtu wa kwetu hawezi kuishia hapo, nikaongeza: Handeni. Kisu kikamtoka mkononi. Aliinuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na bahasha iliyochakaa na kuweka kidole juu ya muhuri wa posta. Wino ulikuwa umefifia lakini unasomeka: HANDENI. Nilijiambia dunia ni ndogo, ndiyo maana watu wanagongana. Hata hivyo siku hiyo chakula sikukimaliza.

Kikorea alinifundisha yeye, palepale jikoni, mwiko mkononi. Nikikosea ananigonga kifundo cha kidole, nikipatia ananilisha kipande cha kabichi yao ya kuchachusha, yenye pilipili ya kumtoa nyoka pangoni. Nilidhani adabu za ulimi wao zitanishinda, maana mkubwa haitwi jina lake, na hata namna ya kuzungumza inabadilika ukiwa mbele ya mkubwa. Wala hazikunishinda. Mtoto wa Chanika anaijua shikamoo kabla hajajua jina la baba yake. Kilichonishinda ni siku aliponifundisha kinyume chake.

Ilikuwa sentensi moja tu. Jina la mtu, kavu, bila heshima, likifuatiwa na kijiji, mtaa na nyumba, halafu neno moja, *bok*, maana yake rudi. Alitaka niipaze kwa sauti ya mtu aliye juu ya paa. Nilimuuliza ni nani huyo ninayemwita kama mbuzi aliyepotea. Akaniambia, "Mume wangu."

Pak Mansu alikuwa fundi wa kuchimba visima. Alikuja Handeni zamani, mimi sijaanza shule, na hakurudi. Barua ilisema homa. Baada ya barua kikaja kifurushi chenye koti lake la turubai la bluu, basi. Kwa desturi yao ya zamani, mtu akifa anapanda mtu juu ya paa na vazi la marehemu, anamwita jina mara tatu na kumtajia njia ya nyumbani. Pak Mansu hakuitwa na mtu. "Asiyeitwa hajui kama amekufa," Halmoni aliniambia, "na njia haijui." Mlimani nyuma ya nyumba alikuwa na sehemu ya makaburi mawili, lake na la mumewe, na daktari alikuwa amemwambia moyo wake hautamfikisha majira mengine ya baridi.

"Sitaki kulala kando ya shimo tupu," alisema.

Nilimpenda bibi yule, sitaficha. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha, narudi nyumbani, na nyumbani kwangu ndiko aliko mumewe. Ningekataaje? Alinifungia koti kwenye mfuko wa nailoni na kunipa sharti moja. Nimwite mara tatu, na katikati nisiseme neno jingine lolote. "Ukichanganya neno jingine," alisema, "ataitikia hilo."

Angani na nchi ya jangwa

Tulikwama siku nzima uwanja wa ndege wa nchi moja ya jangwa. Ndege ina hitilafu, ndege haina hitilafu, subirini hapa, hameni pale. Chakula cha msamaha kilikuwa wali wenye zabibu. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa Kariakoo, mcheshi, ana simu tano na zote zinaita. Tulipopanda tena, nikiwa na mfuko mapajani, aliacha kuongea ghafla akanusa.

"Dada, umebeba nini? Panasikika udongo uliolowa."

"Koti tu, mama."

"La nani?"

Nikaupapasa mfuko. Koti lilikuwa kavu, nimelikunja mwenyewe. Lakini mama alisema kweli. Ile harufu ya ardhi inayonyeshewa kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi ilikuwa imetujaa puani, angani huko, juu ya mawingu. Mama wa Kariakoo akahamia kiti cha nyuma, akisema pale kuna upepo mzuri.

Korogwe, chumba namba tano

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilijua nikifika Chanika mama yangu ataufungua mfuko ule kabla sijavua viatu, na hapo safari itaishia. Nikashuka Korogwe, mji wa jirani, nikala ugali kwa samaki wa kukaanga nikijisikia nimezaliwa upya, kisha nikachukua chumba katika nyumba ya wageni karibu na stendi. Koti nikalitundika kwenye msumari ili lipate hewa.

Asubuhi niliamshwa na mhudumu aliyesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, kufua chumbani hairuhusiwi. Tangazo hili hapa."

"Sijafua kitu."

"Na hayo maji?"

Chini ya koti palikuwa na dimbwi, na koti lenyewe lilikuwa linatona, tone, tone, kutoka kwenye upindo. Nikatazama darini: kukavu. Nikatazama nje: vumbi tupu, mvua hawajaiona miezi. Nikayapiga deki mwenyewe na kuomba radhi kwa kosa nisilolifanya, maana ukweli ungenifukuzisha haraka zaidi. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, lakini pale nilisoma Ayatul Kursiyyu mara mbili mfululizo.

Mchana kutwa niliuliza mjini habari za Mkorea aliyechimba visima. Muuza machungwa hamjui. Fundi pikipiki hamjui. Mzee mmoja wa msikitini akaniambia kwa upole kwamba Mkorea hajawahi kufika huku, labda nimekosea mkoa. Jioni ndipo mama ntilie, akinipakulia kunde, aliposema, "Visima? Alikuwapo Mchina mmoja. Muulize Mzee Alfonsi, Old Korogwe, alikuwa kibarua wake." Siku nzima nilikuwa namtafuta mtu kwa kabila ambalo hakuna aliyempa.

Old Korogwe

Mzee Alfonsi anakaa si mbali na mto. Baba yake alikuja na manamba kutoka Kigoma kukata mkonge, shamba likafa, familia ikabaki. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake anachambua mbegu za mahindi. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilipomaliza kumweleza ukoo wangu wote nikalitoa koti.

Aliacha mahindi. Hakulishika.

"Umelipata wapi hili?"

"Kwa mkewe. Lilitumwa na vitu vyake."

"Hapana mwanangu." Alilisogelea akatazama kwapa la kushoto, palipokuwa na kiraka cha kitambaa chekundu. "Kiraka hiki alishona marehemu mama yangu, na kitambaa ni cha kanga yake. Koti hili tulimvika sisi siku ya kumzika. Vifungo nimefunga kwa mkono huu."

Nikasema labda alikuwa na makoti mawili. Mzee akasema labda. Tukalitazama wote wawili lile labda letu linavyochuruzisha maji kwenye ngazi.

Kisha akanisimulia. Walichimba wiki nyingi katika kitongoji kimoja njia ya Handeni, ambacho jina lake nalificha makusudi, na walipata mawe tu. Mchina, ndivyo walivyomwita na yeye akachoka kukataa, alikuwa anajifunza Kiswahili kutoka kwa vibarua, neno kwa neno, analiandika kwenye karatasi la pakiti ya sigara. Homa ilipomkamata alikataa kuondoka. Akalazwa kivulini chini ya lori, mashine ikaendelea. Siku maji yaliporuka watu walipiga vigelegele, wakajaza kikombe, wakamkimbilia anywe yeye kwanza. Walimkuta ameshakwenda.

"Basi kikombe kile hatukukinywa," alisema Mzee Alfonsi. "Tukammwagia pale tulipomzika. Na hadi leo, maji ya kwanza ya asubuhi ni yake."

Nilimwambia nilichotumwa. Akakuna kidevu kwa muda mrefu. "Nitakupeleka," alisema, "lakini mwenye neno ni Bi Mwanahamisi, anayetunza kisima. Na twende asubuhi na mapema. Jua likifika utosini, pale hapakaliwi."

Njia ya Handeni

Asubuhi na mapema, ndiyo. Noah ya abiria tuliyopanda ilitoboka tairi kabla jua halijachomoza vizuri, na tairi la akiba, dereva akagundua mbele yetu, alimwazima shemeji yake. Tukakaa kando ya barabara. Abiria mmoja, mama mwenye kikapu, alitugawia bada ya muhogo na kisamvu cha jana, na sijui kama nimewahi kula kitu kitamu hivyo. Unajifunza Kikorea mwaka na nusu, unazoea kula mwani, halafu bada moja ya mtu usiyemjua inakutoa machozi.

Mama huyo aliniuliza mbona mzee wetu mwingine hali.

"Mzee yupi?"

Akageuka kuonyesha, kisha akaishusha mikono. "Nilidhani mko watatu," alisema, na kikapu akakifunika.

Mzee Alfonsi alijifanya hakusikia. Tairi lilikuja saa nne na nusu. Tuliposhuka kwenye njia ya kitongojini na kumaliza mwendo wa miguu, kivuli changu kilikuwa kimejikunja chote miguuni. Ilikuwa saa sita kamili.

Kisimani

Msitegemee niwaeleze jambo la kutisha kwa kulitazama. Ni pampu ya mkono ya kawaida, jukwaa la zege lililopasuka, uzio wa miiba na ndoo za njano zimepangwa foleni bila wenyewe. Kando yake pana mawe meupe yaliyopangwa kwa urefu wa mtu, na ardhi yake imelowa. Watu hawakuwapo. Alikuwapo Bi Mwanahamisi peke yake, amekaa kwenye kigoda, anatungoja. Hakuna aliyempigia simu.

"Karibu anayetaka kutuchukulia mtu wetu," alisema.

Nilimwamkia, nikapiga goti, nikamweleza: mke, moyo, shimo tupu. Alisikiliza yote. Kisha akauliza, "Haya. Na maji?"

Mimi ni wa Handeni. Nimeamka alfajiri na ndoo tangu nina miaka sita, nimepigana na wenzangu kwa maji yenye rangi ya chai. Alinieleza kwamba mwaka mmoja vijana walileta ubishi, wakanywa wao kwanza, na pampu ikatoa upepo siku tisa. Watu walirudi kwenye madimbwi ya ng'ombe. Mjukuu wake mmoja aliharisha, wakamzika.

"Sikukatazi," alisema. "Mume ana mkewe, na mimi si mwizi wa waume. Mwite. Akitaka kwenda, aende. Ila usimvute."

Nikapanda kwenye jukwaa, maana paa halikuwapo. Nikalishika koti kwa ukosi. Lilikuwa zito kwa maji. Nikaita kama nilivyofundishwa: jina, kijiji, mtaa, nyumba yenye ukuta wa mawe, *bok*. Sauti ilikwenda, haikurudi. Nyenze waliokuwa wanalia vichakani wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nikaita mara ya pili. Mpini wa pampu ulishuka kidogo, ukabaki hapo, kana kwamba umeegemewa na mkono.

Nikavuta pumzi niite ya tatu, na macho yangu yakaangukia mawe meupe. Hapo aibu ikanikumba, si hofu. Mtu mwenye umri wa babu yangu, mgeni aliyekufa akitutafutia maji, nimesimama juu ya kichwa chake namwita jina lake kavu mbele za watu, mara mbili, sijamwamkia hata mara moja. Mama yangu angenizaba kofi. Sharti la Halmoni nilikuwa nalijua. Lakini ulimi ulikulia Chanika, na uliponyoka wenyewe.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Ilitoka chini, karibu sana na miguu yangu. Sauti ya mwanamume, yenye mikwaruzo, ya mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani. Katikati ya neno alijikwaa vilevile walivyojikwaa watoto wangu wa kituoni. Mzee Alfonsi akavua kofia. Mimi nikakaa chini kwenye zege bila kupenda.

Bi Mwanahamisi alitutazama kwa mshangao. "Mbona mnashtuka? Mtu akiamkiwa si anaitika?"

Nilijaribu kuita ya tatu, nawaapia. Kikorea chote kilikuwa kimenitoka. Kijiji, mtaa, nyumba, hakuna. Kichwani mwangu palikuwa peupe kama siku ya kwanza jikoni.

Juu ya kichuguu

Mtandao kitongojini pale unapatikana juu ya kichuguu, na kwa foleni. Siku hiyo foleni haikuwapo. Kule kwao ilikuwa jioni, na simu haikuita mara ya pili.

Maneno yalinirudia polepole, moja moja.

"Umemwita?" aliuliza Halmoni.

"Mara mbili."

"Akaja?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ndiyo, akafa na furaha yake, na nani angejua? Lakini mtu aliyekufundisha kusema, unamdanganya kwa lugha gani? Nikamwambia nimevunja sharti. Nimemwamkia kwa lugha yetu, na ameitikia.

Nilisikia sufuria yake ikichemka.

"Kwa lugha yenu?"

"Ndiyo, Halmoni."

"Vizuri, au kwa kubabaisha?"

"Vizuri. Anajikwaa kidogo katikati."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na nilimwacha alie kwa sababu sikujua Kikorea cha kumnyamazisha. Baadaye akauliza wanampa nini. Nikamwambia maji ya kwanza, kila asubuhi, kabla hajanywa mtu yeyote.

"Mimi nimempa chakula cha marehemu mara moja kwa mwaka," alisema, "na sijui kama alifika kula. Usimwite tena. Mtu huitikia pale alipo nyumbani. Koti mwachie."

Nawaambia ukweli kwa kuwa ninyi ni rafiki zangu: nilifurahi. Nilisimama juu ya kichuguu nikimsikiliza mwanamke mzee akimpoteza mumewe mara ya pili, na moyo wangu ulikuwa unasema maji yamebaki, maji yamebaki. Nimemwomba Mungu msamaha kwa jambo hilo, na bado sijaona kama nimesamehewa.

Tulilitandaza koti juu ya mawe meupe, tukaagana na Bi Mwanahamisi, tukaondoka. Mzee Alfonsi aligeuka nyuma mara moja tu. Alisema mawe yamebaki peke yake, koti halipo. Mimi sikugeuka.

Chanika

Sasa mnajua pia kwa nini Jumapili asubuhi mlango wangu unafungwa, mnanisikia ndani narudia maneno ya watoto wa chekechea. Ninafundisha Kiswahili kwa simu. Mwanafunzi ni mmoja, ana miaka themanini na kitu, kichwa kigumu, na mimi sina mwiko wa kumfikia. Alianza wiki ile ile. Sikumuuliza sababu. Anataka maneno: maji, chai, kaa hapa, umechoka, pole. Anataka ya nyumbani tu, Kiswahili cha vitabuni hakitaki.

Jumapili iliyopita sauti yake ilikuwa ndogo sana, nikamwambia tuache apumzike. Akakataa. Aliniuliza mwanamke wa kwetu akiitwa na mumewe huitikaje.

"Anasema abee," nikamwambia. "Na kama yuko mbali kidogo, anaongeza: nakuja."

Aliyarudia maneno yale mawili mpaka yakakaa sawasawa mdomoni. Kisha akaniambia basi, mwalimu, hayo yananitosha.